Naomba ushauri: tumwachie mshambuliaji wetu ili tuijenge timu upya?

Wakubwa shikamooni, na wenzangu salamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya timu ya soka ya mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, ambayo msimu uliopita iliburuza mkia. Tuna mshambuliaji wa miaka 19 ambaye mpira ukimfika mguu wa kushoto, beki hujikuta ameketi chini. Timu moja ya daraja la juu inamtaka, na iko tayari kutoa fedha au mabeki wawili vijana.

Baadhi ya wajumbe wanataka tuige NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ambako timu dhaifu huachia nyota wake ili ipate zamu za kuchagua chipukizi wanaoingia ligini. Pittsburgh walimchagua Sidney Crosby mwaka 2005, wakatwaa kombe mwaka 2009. Lakini Buffalo, waliochagua wa kwanza mwaka 2018 na tena 2021, walimwachia nyota wao Jack Eichel kwenda Vegas, naye akabeba kombe huko mwaka 2023. Hilo linaninyima usingizi, kwa kuwa sisi hata hiyo zamu hatuna: chipukizi wa Tanga huenda anakotaka, na mara nyingi ni Dar es Salaam.

Binafsi naelekea kwa mabeki, pamoja na kipengele cha asilimia ya mauzo yake ya baadaye. Je, timu ya ngazi yetu inaweza kukidai, na kiandikweje ili kisipingwe? Mliowahi kusimamia uhamisho wa namna hii, naomba mnielekeze kabla ya kikao cha Jumamosi.