Hedfoni za gemu kwa kazi na mchezo: zinafaa, au ninunue za ofisi?

Mwanzisha mada:
Habari za jioni, wakuu. Hedfoni zangu zimekufa upande mmoja, na mwisho wa mwezi nataka kununua nyingine zitakazonifaa mchana kwenye mikutano ya mtandaoni na usiku kwenye gemu. Nimeziona HyperX Cloud II, lakini mwenzangu wa kazini ananishauri nichukue Jabra za ofisi. Nichukue zipi?

Mkongwe wa jukwaa:
Ndugu, hujatutajia bajeti, kifaa utakachozichomekea, wala hali ya chumba chako. Je, unavaa miwani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mwanzisha mada:
Niwieni radhi. Nina shilingi 300,000, kompyuta mpakato yenye tundu moja la sauti, na chumba kisicho na kiyoyozi kinachotazama barabara ya bajaji huku Mbagala. Nacheza Valorant, ile gemu ya kupigana risasi, na miwani navaa.

Fundi vifaa:
Chukua Cloud II. Maiki yake imekaa kwenye mkono unaofika karibu kabisa na mdomo, na ukaribu huo ndio unaoifanya sauti yako ishinde kelele za bajaji, ilhali maiki iliyofichwa ndani ya kikombe cha sikio huokota chumba kizima. Mkutano ukiisha, unaichomoa na kuiweka mezani.

Dada wa huduma kwa wateja:
Kaka, chochote utakachonunua, usitegemee Bluetooth. Mimi nilinunua hedfoni za gemu zinazotumia Bluetooth pekee, nikaingia nazo kwenye usaili wa kazi. Asubuhi ile muziki ulisikika vizuri mno, lakini nilipofungua maiki sauti yote ilinywea ghafla, na aliyenisaili aliniomba mara tatu nirudie jina la chuo nilichosoma. Nilidhani ni mtandao, nikazima kamera, nikahamia dirishani, na bado hakunisikia. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba Bluetooth ya kawaida, maiki inapofunguliwa, huhamia kwenye mfumo wa mazungumzo ya simu, ambao ubora wake ni hafifu. Kazi ile niliikosa, na iliniuma sana. Tangu hapo natumia za waya, na ikinibidi zisizo na waya, basi ziwe na kipokezi chake cha USB cha gigahezi 2.4.

Mchezaji wa usiku:
Pole sana, dada. Mimi naongeza kwamba kwa Valorant asikose sauti ya 7.1, yaani inayosikika kama inatoka pande zote kukuzunguka, maana adui husikika kwa nyayo kabla hajaonekana.

Fundi vifaa:
Hiyo 7.1 ya Cloud II hutengenezwa na kadi yake ya sauti ya USB. Ndani mna spika mbili tu za milimita 53. Windows nayo ina Windows Sonic, programu yake ya sauti ya kuzunguka kama hiyo, bila malipo tangu mwaka 2017, kwa hiyo asilipie namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Mchezaji wa usiku:
Hata masikio ni mawili, mkuu, na bado yanajua sauti imetoka nyuma. Jambo la msingi ni hesabu inayofanywa na programu.

Mkongwe wa jukwaa:
Mnasahau joto. Sponji za ngozi bandia kwa jasho la Dar es Salaam mwezi wa Februari hulowa, kisha huanza kubanduka magamba meusi yanayonata shavuni, na mwenye miwani hubanwa juu ya sikio hadi kichwa kinauma. Jabra nyingi za ofisi ni nyepesi, na kwa mtu wa mikutano inayochukua saa sita nzima ningezitazama kwanza.

Fundi vifaa:
Cloud II ilitoka na sponji za ziada za mahameli, ambazo hazinati.

Mwanzisha mada:
Jumamosi nitakwenda dukani na miwani yangu. Je, muuzaji atakubali nijaribu zote mbili?

Dada wa huduma kwa wateja:
Mwombe afungue boksi mbele yako, kisha ujirekodi kwa simu ukiwa mlangoni, magari yakipita.