Nahamisha tovuti na domeini kwenda hosti mpya, imeili za ofisi zisipotee

Kibo_Moshi
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Kuna tovuti ya kampuni ya utalii ya bro wangu hapa Moshi, naisimamia mimi, ni ya WordPress, domeini ni ya .com na vyote viwili yani domeini (jina la tovuti) na hosti (seva tovuti inapokaa) tulichukua kwa jamaa mmoja. Sasa tovuti inazima hovyo, ukimpigia anakwambia wanashughulikia, mpaka jioni bado haifunguki. Tumeshalipia hosti kwingine nataka nihame kabisa. Wasiwasi wangu mkubwa sio tovuti, ni imeili, maana kuna info@ na booking@ na wageni wa Ujerumani na Uholanzi wanakubaliana bei za kupanda mlima hukohuko, na msimu wa Juni ndo huo unakuja. Nianze na kipi, domeini au mafaili? Na ni kweli tovuti inazima siku mbili? Hosti ya zamani inaisha mwisho wa mwezi, domeini inaisha mwezi unaofuata.

fundi_seva
Mkuu tulia, hapo una vitu vitatu tofauti: domeini, mafaili na imeili, na sio lazima vihame siku moja. Domeini inaweza kubaki kwa huyo jamaa na tovuti ikawa kwenye seva mpya, unabadilisha DNS tu, yani rekodi zinazosema jina lielekee seva ipi. Kwahiyo mafaili kwanza, domeini mwisho kabisa.

Ingia cPanel (paneli ya kusimamia hosti) shusha bekapu ya public_html, folda la mafaili ya tovuti, databesi itoe kwa phpMyAdmin iliyo humohumo, kule kupya tengeneza databesi na yuza wake alafu ufungue wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, ubadilishe DB_NAME, DB_USER na DB_PASSWORD. Kabla hujagusa DNS jaribu kwanza kwenye kompyuta yako tu: fungua Notepad kama administreta, nenda C:\Windows\System32\drivers\etc fungua faili la hosts, andika IP (namba ya anwani) ya seva mpya, acha nafasi, andika domeini (na ya www pia), sevu. Hapo wewe unaona tovuti ikiwa kwenye seva mpya na dunia nzima bado inaona ya zamani. Pita kurasa zote, jaza na ile fomu ya buking uone inafika. Ukimaliza futa huo mstari, watu wengi wanausahau alafu wanadhani wameshahama.

Siku moja kabla ya kuhama shusha TTL ya rekodi zako (muda ambao mitandao inakumbuka rekodi kabla ya kuuliza tena) iwe sekunde 300, yani dakika tano. Hizo siku mbili unazosikia zinatokana na kubadili nemseva (seva zinazotunza DNS ya domeini), maana kwenye .com TTL yake ni sekunde 172800 ambayo ni masaa 48. Lakini tovuti haizimi, ila kuna watu wanaendelea kupelekwa seva ya zamani, na kama ya zamani bado iko hai hawajui kama kuna kitu kimebadilika. Ndo maana usiache ife mwisho wa mwezi, lipia mwezi mmoja zaidi hata kama inauma.

binti_DNS
Naongezea kwenye imeili maana hapo ndo watu wanalia. Kabla ya kubadili nemseva piga picha ukurasa wote wa DNS, rekodi za MX (zinazoelekeza imeili), TXT, CNAME, kila kitu, ukihama nemseva zile rekodi haziji zenyewe. Fungua info@ na booking@ kule kupya mapema, alafu weka akaunti zote mbili, ya zamani na mpya, kwenye Thunderbird (programu ya imeili) kwa IMAP, njia inayoacha barua kwenye seva, na uburute mafolda. Kama ni nyingi tumia imapsync, programu ya kunakili barua toka seva hadi seva. Ila angalia kwanza kompyuta ya ofisini, kama Outlook iliwekwa kwa POP, njia inayoshusha barua kwenye mashine, kuna uwezekano barua za miaka yote ziko kwenye hiyo mashine tu, kwenye seva hazipo.

Siku zile mbili barua zitakuwa zinaingia pande zote mbili, kwahiyo webmeili ya zamani ifungue asubuhi na jioni. Na rekodi ya SPF (inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua zenu) iwe na IP mpya, DKIM (sahihi ya kuthibitisha barua) uitengeneze upya, la sivyo majibu yenu kwa wageni yataenda spamu na mgeni atabuki kwingine akijua mmempuuza.

Kibo_Moshi
Asanteni sana aisee. Sasa nimeingia kwenye paneli ya domeini nikakuta sehemu ya mmiliki limeandikwa jina la jamaa, sio la kampuni. Hapo inakuaje?

fundi_seva
Hilo ni zito kuliko yote uliyouliza. Kwa karatasi domeini ni yake. Mwombe kwa heshima na kwa maandishi aweke jina la kampuni, ambatanisha na risiti mlizolipa, na ufanye hivo kabla hujamwambia mnahama. Imeili ya mmiliki iwe ya Gmail, isiwe info@ ya domeini hiyohiyo maana DNS ikiyumba na ujumbe wa uhamisho hauoni. Ila uliza kwanza, rejista wengine (kampuni zinazosajili domeini) ukibadilisha jina au imeili ya mmiliki wanakufungia uhamisho siku 60. Kama ni hivyo renyu hapohapo mwaka mmoja, uhame baadaye, mwaka uliolipia haupotei.

Ukiwa huru afungue loku ya uhamisho na akupe kodi ya EPP, yani neno la siri la kuhamisha domeini. Kwa .com rejista anatakiwa aitoe ndani ya siku tano tangu uombe, akigoma mmiliki anaweza kulalamika ICANN (shirika linalosimamia majina ya domeini duniani), ndo maana nasema jina kwanza. Uhamisho wenyewe unaongeza mwaka mmoja juu ya uliobaki.

binti_DNS
Na SSL msisahau, yani cheti cha https. Cheti cha bure cha Let's Encrypt kwa kawaida kinatoka domeini ikishaelekea seva mpya, kwahiyo ukibadilisha tu DNS ingia cPanel ubonyeze AutoSSL, inayotoa hicho cheti, saa hiyohiyo. Fanya usiku wa Jumanne au Jumatano ambapo sapoti ya hosti mpya ipo kesho yake, Ijumaa jioni usiguse.

Kibo_Moshi
Poa, leo nashusha bekapu na kuangalia hiyo Outlook, jamaa namwandikia kesho asubuhi kuhusu jina.