Mrejesho: gobore la gumegume sasa linafyatuka

Wakuu, niliuliza kwa nini gobore langu la gumegume (bunduki ya kizamani inayowashwa kwa cheche za jiwe), huku Pennsylvania, Marekani, linachoma tu baruti ya kisahani, yaani kile kibakuli kidogo cha nje kinachopokea cheche, na risasi haitoki. Aliyesema nikague tundu la ubavuni mwa mtutu, linalopitisha moto wa kisahani hadi kwenye baruti ya ndani, alipatia: lilizibwa na masizi yaliyoganda. Nilitoa kwanza risasi na baruti, nikazibua kwa pini ya shaba, nikausafisha mtutu kwa maji moto ya sabuni, nikaukausha vizuri na kuupaka mafuta. Kisahani nakitilia baruti laini kidogo, isifunike tundu. Sasa cheche na mlio ni papo kwa papo, raha tupu! Na likigoma, jamani, mtutu ubaki umeelekea shabaha dakika nzima. Baruti huweza kuchelewa kulipuka. Msimu wa kuwinda kwa gumegume huku huanza baada ya Krismasi, nitakuwepo.