Mtu akijibu "nafanya biashara" kwenye dodoso la afya, unamweka kundi gani?

mdadisi_mbagala: Wakuu heshima kwenu. Wiki ya pili niko fildi huku Rangi Tatu, utafiti wa presha na sukari, kishkwambi mkononi jua la Mbagala mnalijua. Kinachonitesa ni swali la kazi. Kila nyumba "nafanya biashara". Jana nimekuta mama alfajiri anapika maandazi anauza barabarani, mchana barafu, vyumba viwili kapangisha, namuuliza kazi yako nini ananijibu "mimi nipo tu nyumbani mwanangu". Supavaiza anataka kazi moja, halafu tabaka: juu, kati au chini. Huyu anakaa wapi? Na kwanini tusipime presha tu tukaondoka? Naomba kuwasilisha.

deiwaka_mstaafu: Mkuu ukifika kijiweni kwetu Temeke wote utaandika bodaboda umemaliza. Sasa sikia, kuna mwenye chombo chake, kuna wa mkataba, kuna anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na kuna deiwaka ambaye mwenzie asipochoka yeye siku hiyo hali. Mwenye chake akipata homa analala. Deiwaka anameza dawa za maumivu anapanda. Uliza chombo cha nani!

shangazi_takwimu: Deiwaka kasema kweli ila hayo ni maswali mawili, msiyachanganye. Mwongozo wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, wa 2008 unaipa kila kazi namba yake, bodaboda wote ni 8321, chako au cha tajiri. Kuajiriwa, kujiajiri, kusaidia familia bila malipo, hilo ni swali la pembeni na wadadisi wengi wanaliruka. Pia usigeuze namba kuwa tabaka. Anayeuza chakula barabarani ni 5212, wa soksi ni 9520, pale Kariakoo wamebanana bega kwa bega wanafukuzwa na mgambo yuleyule, lakini kwenye kitabu mmoja yuko kundi la 5 mwingine la 9, kazi za ujuzi mdogo.
Uingereza walipanga matabaka kwa kazi tangu sensa ya 1911, mke akahesabiwa kwa kazi ya mumewe (huyo mama yako angepotea kabisa), mpango mpya ukaja 2001. Na kwanini tunauliza: utafiti wa Whitehall ulioanza 1967 uliwafuatilia wafanyakazi wa serikali London, wote wana ajira, wote ofisini, lakini wa ngazi za chini walikufa kwa moyo zaidi kuliko mabosi wao. Presha peke yake isingekuonyesha hilo.

mpangaji_tandale: Si mtumie mali basi? Ule utafiti wa kaya wa afya ya uzazi wanauliza sakafu, choo, maji, friji, TV, wanagawa nchi nzima mafungu matano. Shida ni kwamba wengi wa Dar tunaangukia fungu la juu. Mimi nina saruji, umeme na TV, kwahiyo mi tajiri, wakati baba mwenye nyumba tunaviziana kwa kodi ya miezi mitatu 😂

mdadisi_mbagala: Asanteni. Nimerudi kwa mama leo, sikumuuliza kazi, nimemuuliza hela ya mboga ya jana imetoka wapi, akasema maandazi. Ukiumwa siku mbili nani anapika? Akacheka, "hayapikwi". Nimeandika 5212, amejiajiri, hana msaidizi. Kwenye tabaka nimeacha wazi, supavaiza keshanipigia mara mbili sijapokea.