Mbu wa kuhaririwa vinasaba: na wa mikorosho yumo?

Mjukuu_wa_Tandahimba:
Wakuu, shikamooni mlionizidi. Nina ekari nne za mikorosho, urithi wa marehemu baba. Juzi kijiweni kijana katusomea kwenye simu kwamba wataalamu wanahariri vinasaba vya mbu, hadi hapa Tanzania. Mzee mmoja akadakia, "Waanze na mbu wa mikorosho!" Tukacheka, lakini mimi nimelala nalo. Machipukizi yangu yamekauka meusi kama yamepitiwa na moto, na nimeshapiga salfa mara mbili. Hapo hapo mwanangu katoka malaria wiki jana. Hii kitu inafanyaje kazi, na mdudu wangu yumo?

Mwl_Bailojia_Lindi:
Marahaba. Mbu wa mikorosho ana jina tu la mbu, kwa ukoo ni ndugu wa kunguni. Anafyonza chipukizi, mate yake ndiyo yanaliua. Na salfa ni dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, yeye haimgusi.

Sasa hao wa malaria. Kinasaba cha kawaida hurithiwa na nusu ya watoto. Hawa wanawekewa kama mkasi wa kukata vinasaba, unaojinakili wenyewe, unarithiwa na karibu watoto wote. Mwaka 2018 Imperial College London walivuruga kinasaba kiitwacho *doublesex*: majike wenye nakala mbili hawang'ati wala hawatagi. Kwenye vizimba vya maabara kundi zima likaisha kati ya kizazi cha 7 na cha 11. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara wana njia nyingine, mbu anabaki hai ila vimelea vya malaria havikui vizuri ndani yake. Wapo maabara, hawajaachiwa.

Bi_Mikindani:
Na wasiachiwe haraka! Mbu hana pasi, akivuka Ruvuma ameingia Msumbiji. Nani aliwauliza wa ng'ambo? Burkina Faso serikali ilisimamisha mradi wa namna hii 2025.

Mwl_Bailojia_Lindi:
Hoja hiyo siipingi, dada. Ila wadudu kupunguza wadudu si kitu kigeni kwetu. Mbung'o wa Unguja waliisha miaka ya 1990 kwa madume yaliyofugwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege. Hakukuwa na uhariri pale, na kile ni kisiwa, mbung'o wapya hawakuwa na pa kutokea.

Kangomba_Mstaafu:
Mkuu wa Tandahimba, maji moto wapo shambani kwako? Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Mti wenye maji moto, huyo mdudu hakai. Ukipiga sumu kiholela unaanza kuua askari wako.

Mjukuu_wa_Tandahimba:
Dah. Mwaka jana nilichoma viota vyao vyote, maana waokotaji walikuwa wanalalamika kung'atwa. Kwa jirani bado vipo. Mtu anavihamishaje bila kuvuliwa shati?