Nina Canon 2000D, nianze na flashi gani na vikorokoro gani?

mtoto_wa_raskazone

Wakuu habari za jioni. Mi ni mpiga picha wa kujifurahisha tu niko Tanga, sina studio wala simtozi mtu hela, napiga familia, bethdei za watoto, juzi kati kitchen party ya binamu yangu, na jioni nashuka ufukweni Raskazone na wadogo zangu kupiga potreti. Kamera ni Canon 2000D, lenzi nina ile 18-55 iliyokuja nayo na 50mm f/1.8. Tatizo langu ni mwanga wa ndani. Nikipandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) hadi 3200 picha inajaa chembechembe, nikifungua kile kiflashi cha kamera yenyewe mapaji ya uso yanang'aa kama yamepakwa mafuta, nyuma giza totoro, ukutani vivuli vikali, na aliyevaa nyeupe nguo inaungua kabisa.

Bajeti ni kama laki tatu na nusu. Dukani mmoja kaniambia chukua Godox TT600, mwingine Yongnuo YN560, mwingine anasema achana na flashi chukua ring laiti au taa ya LED unauona mwanga kabla hujapiga. Afu kuna vile vikofia vya plastiki vya kuvisha flashi, softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga), mwavuli, riflekta (ubao wa kurudisha mwanga), sijui kipi kianze. Sitaki kitu kikae kabatini. Naombeni msaada kwa aliyetumia.

fundi_mwanga

Mkuu kabla hujatoa hata shilingi chungulia juu ya kamera yako pale flashi inapochomekwa. Kamera nyingi pale katikati pana kijiduara cha chuma, hicho ndo kinachoiambia flashi piga sasa, na ndo maana flashi ya kampuni yoyote inapiga kwenye kamera yoyote. Canon walikiondoa kwenye 2000D, 4000D na 250D. TT600 na YN560 ni flashi za manyuo tupu, yani nguvu unaipanga mwenyewe kwa mkono, zinazotegemea pini hiyo moja, kwahiyo ukichomeka juu ya 2000D hazipigi hata ufanyeje. Flashi sio mbovu na kamera sio mbovu, ni hiyo pini haipo. Wauzaji wengi hawalijui hili wanakuuzia kwa nia njema kabisa.

Lakini usizikatie tamaa. Flashi ya juu ya kamera sio mahali pake pazuri hata hivyo, na ikiwa pembeni kwenye stendi kuna namna mbili za kuipigisha. Ya kwanza haina gharama. TT600 ina modi inaitwa S1 na nyingine S2, ikiona mwako wa flashi nyingine nayo inapiga papo hapo. We fungua kiflashi cha kamera, kishushe nguvu kwenye menyu hadi -2, afu TT600 iweke S2. Sio S1, manake kiflashi cha Canon kinatoa mwako mdogo wa kupima kwanza ndo unafuata ule wa picha, S1 itadanganyika itapiga mapema na picha itatoka giza. YN560 IV nayo ina modi hizo hizo. Sebuleni inafanya kazi safi sana. Juani ndo inakuwa haioni, na kwenye shughuli yenye kamera nyingi kila mtu akipiga flashi yake na yako inapiga, unamaliza betri kwa picha za wenzio.

Namna ya pili ni triga ya redio, kifaa cha kuiamuru flashi ipige kwa mbali. TT600 ina risiva ya 2.4GHz ndani tayari, we unanunua cha kuchomeka juu ya kamera tu. Tafuta X2T-C au XPro-C, hiyo C ya mwisho ni ya Canon, ukinunua yenye N ni ya Nikon na yenye S ni ya Sony. Hizi zinatumia zile pini nyingine za Canon kwahiyo zikiwa na programu mpya zinapiga kwenye hizo kamera zisizo na pini ya katikati. Ila nenda na kamera yako dukani, wachomeke, upige, uone mwako kwa macho yako ndo utoe hela. Ukitaka kabisa ya kukaa juu ya kamera na kujipimia mwanga yenyewe, hapo ni TT685 II ya Canon au flashi za Canon wenyewe, nayo hivo hivo ijaribu kwanza.

Kwa laki tatu na nusu mi ningechukua TT600, stendi ya mita 2, kishikio cha mwavuli, na mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga wa inchi 43. Triga isubiri mwezi mwingine, S2 itakuvusha.

mpemba_wa_picha

Mdogo wangu fundi kakwambia kweli, mimi niongeze la mwanga wenyewe kwani hapo kwenye paji la uso kung'aa ndipo watu wengi wanapouziwa vitu visivyowasaidia. Mimi napiga sana shughuli za wanawake hapa Unguja, maharusi wetu wana hina, dhahabu, nguo zenye vito, na ngozi zetu nyeusi na za maji ya kunde. Ngozi nyeusi haina haja ya kumwagiwa mwanga mwingi, inataka mwanga mpana. Taa ikiwa ndogo inaacha doa dogo jeupe kali kwenye paji na puani, taa ikiwa kubwa lile doa linatandaa linakuwa mng'ao mlaini unaoonyesha shavu lilivyo. Kwa hiyo nguvu ya flashi si shida yako, shida ni kuwa kile kiflashi kina upana wa vidole viwili na kimekaa karibu na lenzi.

Vile vikofia vya plastiki havifanyi taa kuwa kubwa. Vinasambaza mwanga kila upande na ukiwa chumbani unapiga dari na kuta ukarudi, hapo vinasaidia kidogo, lakini nje usiku hakuna kitu cha kuurudishia, unakula nguvu ya flashi bure. Usianze na hivyo hata kwa elfu kumi.

Kitu kikubwa cha bure ni ukuta mweupe. Flashi igeuze iutazame ukuta wa ubavuni au kona ya ukuta na dari nyuma yako, basi ukuta wote umekuwa taa. Angalia rangi yake lakini, ukuta wa kijani utampaka bi harusi kijani na hutaiondoa vizuri kwenye kompyuta. Nyumba zetu za Mji Mkongwe dari ni za boriti, zile zinaumeza mwanga wote na kinachorudi kina rangi ya kahawia, kwa hiyo huku natumia kuta zilizopakwa chokaa na dari naiacha. Nyumba za siku hizi zenye dari ya jipsamu nyeupe ni neema tupu.

Pa kuanzia weka manyuo, shata (muda lenzi inavyopokea mwanga) 1/125 ya sekunde, f/4 (upana wa tundu la lenzi), ISO 800, flashi robo ya nguvu yake, umeielekeza ukutani. Picha ikiwa giza panda hadi nusu, ikizidi shuka 1/8. Shata ukishusha hadi 1/60 taa za ukumbi na mapambo ya nyuma yanaanza kuonekana na lile giza totoro linaondoka, kwani flashi inamulika aliye mbele na shata ndiyo inayokusanya mwanga wa nyuma. Na ukumbi ukiwa na taa za njano funika flashi kwa karatasi ya rangi ya chungwa wanayoiita CTO, kipande kidogo tu, la sivyo watu watatoka weupe wa buluu na ukumbi nyuma yao machungwa.

Na hiyo nguo nyeupe, usielekeze katikati ya mwavuli kwenye nguo. Uzungushe kidogo na uuinue, ile pembe ya mwanga ndiyo imguse uso, nguo inabaki na nyuzi zake. Mwavuli usogeze karibu, mita moja au moja na robo. Mwanga ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2 haupungui nusu, unabaki robo.

kibarua_old_town

Salaam kutoka Mombasa. Kaka, ring laiti ni ya mtu anayejirekodi na simu usoni, ukiipeleka kwa familia ya watu saba haifiki safu ya nyuma na kila jicho lina kiduara cheupe. Achana nayo kwa hii kazi yako.

Nikuongezee hesabu ujue kile kiflashi cha kamera kinafika wapi. Cha 2000D namba yake ya nguvu ni 9.2 kwa ISO 100, unagawanya kwa f unapata mita. Kwa f/4 ni mita 2 na kitu basi, ndio maana wa nyuma wanakuwa giza. Ukipanda ISO 400 umbali unazidishwa mara mbili, mita 4 na nusu hivi. Ile namba ya nguvu 60 ya TT600 isikutie wazimu pia, hiyo wamepima kichwa cha flashi kimezumiwa 200mm, yani mwanga umebanwa uwe mwembamba, ukifungua upana wa 24mm na upige ukutani unabaki na sehemu ndogo tu ya hiyo, bado inatosha sebule lakini.

Sasa pale ufukweni. Kamera yako mwisho wa flashi ni shata 1/200, ukizidisha hapo unapata mkanda mweusi unakata picha. Jua la saa nane mchana kwa ISO 100 na 1/200 linataka kama f/11, na kwa f/11 flashi ndogo ndani ya mwavuli haimshindi jua ng'o. Kwahiyo usiende saa nane. Nenda jua likishaanza kuteremka, jua liwe nyuma ya mgongo wa mtu, mbele mtu wa kukushikia riflekta upande mweupe. Ile ya fedha ni kali kwa macho, watoto wanafumba. Riflekta ya sentimita 110 yenye rangi tano ni bei poa kuliko kitu chochote ulichotaja na kila wikendi utaitumia. Ukikosa, bamba la styrofoam linafanya kazi ile ile.

Na mwavuli pwani ni tanga, upepo wa kusi ukishika stendi inakwenda chini na flashi juu yake. Jaza mchanga kwenye mfuko, ning'iniza mguuni mwa stendi, na bora zaidi mtu aishike.

taa_zote_on

Mi napingana nanyi kidogo. Kwa mtu anayeanza taa ya LED inafundisha haraka, unaona kivuli cha pua kinavyohama ukiisogeza, huhitaji kupiga ndo uone. Na watoto wadogo wengine flashi inawashtua. Na siku akitaka kurekodi video flashi haina msaada wowote. Godox SL60W inachukua softiboksi za mshiko wa Bowens, aina inayotumiwa na taa nyingi, anakuwa na taa ya miaka.

fundi_mwanga

Kwenye kujifunza kivuli nakubali asilimia mia, na kwenye video hakuna ubishi. Ila angalia mazingira yake. Hiyo SL60W nyuma ya softiboksi, ikiwa mita 1 na nusu kutoka kwa mtu, kwa f/4 na 1/125 utakuwa ISO 800 hivi, kwa mtu aliyetulia sawa. Mtoto wa bethdei anaruka, 1/125 haimgandishi. Flashi mwako wake ni mfupi mno, mtoto anaganda hata shata ikiwa hiyo hiyo. Afu SL60W ni ya kuchomeka ukutani, umeme ukikatika sherehe imeisha, na ukumbini waya unapita katikati ya watu wanaocheza. Kwa kazi aliyoitaja flashi ndo itangulie. Kujifunza kivuli anaweza kumkalisha mdogo wake karibu na dirisha na kumgeuza geuza, mwanga wa dirisha ni mzuri kuliko softiboksi nyingi.

mtoto_wa_raskazone

Aisee asanteni sana. Nimechungulia kamera kweli hamna kile kijiduara, na dukani flashi ilikuwa ishawekwa pembeni ananisubiri nilipie. Kesho naenda na kamera, nitajaribu S2 pale pale. Nimeamua TT600, stendi, kishikio, mwavuli inchi 43 na riflekta. Maswali mawili ya mwisho, betri nichukue zipi, na kuna jamaa anauza flashi ya zamani ya kamera za filamu kwa bei ya kutupa, niichukue iwe ya pili?

fundi_mwanga

Betri chukua za kuchaji za NiMH, Eneloop kama utapata za kweli, nunua 8, nne ndani ya flashi na nne mfukoni, zisichanganywe nzee na mpya. Zile za kutupa zikianza kuchoka unasubiri sekunde nyingi flashi ijae. Chaja iwe ya kuchaji kila betri peke yake. Usiipige nguvu zote mfululizo inachemka, ukiwa na kazi ndefu baki robo au 1/8 na upandishe ISO. Ukimaliza toa betri, na kwa hewa ya chumvi ya huko Tanga weka vyote kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Hiyo ya zamani usiichomeke kwenye kamera kabisa. Baadhi ya flashi za enzi za filamu, Vivitar 283 za mwanzo kwa mfano, zilikuwa na volti zaidi ya 200 pale kwenye pini, inaweza kuua kamera ya dijitali. Ukitaka ya pili subiri TT600 nyingine, zitapiga pamoja kwa triga ile ile.

mpemba_wa_picha

Na kabla ya kuondoka dukani fungua mwavuli wote utazame mbavu zake, na ukaze ile skrubu ya kishikio ujue inashika, manake vingine vinateleza flashi inainama yenyewe. Ukishapiga ya kwanza iweke hapa tuitazame, hasa ile ya shangazi mwenye nguo nyeupe kama anayo.