Lebo za chaza na kome: siku 90 zinahesabiwa kuanzia lini?

Jiko_Mwanga aliandika:

Habari wakuu. Jiko ni la hoteli hapa Kigoma mjini, na wageni wengi wako njiani kwenda Gombe na Mahale. Wakala anayeleta wageni kutoka Marekani ametaka tukaguliwe kwa kufuata Food Code ya FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani), ile kanuni ya usalama wa chakula kwa maduka na migahawa. Migebuka na kuhe hawana shida, asubuhi wanatoka Kibirizi na jioni wameisha. Kinachosumbua ni chaza na kome wanaopanda ndege kutoka Dar.

Orodha ya mkaguzi inasema lebo za mzigo zitunzwe siku 90. Mtu wa stoo anahesabu tangu mzigo uliposhuka uwanjani, mhasibu anahesabu tangu tarehe ya ankara. Yupi yuko sahihi? Na tukishawahamishia kwenye trei za friji, lebo ikae wapi? Kamba, kaa na pweza nao wamo? Naomba majibu ya watu wanaoijua kazi hii, siyo ya kubahatisha.

AfisaAfya_Ujiji alijibu:

Mkuu, wote wawili wamekosea. Siku 90 zinaanza siku chaza wa mwisho wa gunia hilo alipouzwa au kupelekwa mezani. Ndiyo maana Food Code inadai kitu kimoja ambacho majiko mengi huruka: tarehe hiyo iandikwe juu ya lebo yenyewe. Lebo safi yenye taarifa zote za mvuvi lakini haina tarehe ya kumaliza ni kosa, hata kama iko kwenye faili zuri.

Chukua mfano. Gunia limepokelewa 3 Machi, limeisha 9 Machi. Lebo inakaa hadi 7 Juni. Kwa mzigo wa siku sita tofauti ni ndogo, mtu ataona tunabishania vijisiku. Sasa weka kome waliogandishwa wakiwa wabichi na magamba yao: wameingia friza 10 Januari, wa mwisho ameliwa 2 Aprili. Kwa hesabu ya mtu wa stoo, lebo inatupwa 10 Aprili, siku nane tu baada ya mgeni kula. Hesabu sahihi inafika 1 Julai.

Kwa nini siku nyingi hivyo? Sababu kubwa ni homa ya ini aina ya A. Virusi vyake hukaa mwilini siku 15 hadi 50 kabla ya dalili kuonekana. Baada ya hapo mgonjwa aende hospitali, apimwe, aulizwe alikula nini na wapi, taarifa irudi hadi jikoni kwako. Vijidudu vingine vya chaza, kama norovirusi na bakteria wa vibrio, hujionyesha mapema zaidi, kwa hiyo muda umepimwa kwa huyu anayechelewa. Lebo ndiyo inayosema chaza walivunwa eneo gani na siku gani, ili eneo hilo lifungwe kabla watu wengine hawajaumwa. Wamarekani walijifunza hili kwa gharama: homa ya matumbo iliyosambazwa na chaza mwaka 1924 na 1925 ndiyo iliyozaa mpango wao wa usafi wa viumbe wa magamba.

Nani wamo: chaza, kome, kombe na skalopu, yaani wale wa magamba mawili. Wanachuja maji mengi kupata chakula, na kila uchafu wa maji hayo unabaki ndani yao. Kamba, kaa na kambakochi hawamo. Pweza na ngisi hawamo pia. Skalopu wenyewe, kama unanunua ule msuli mweupe peke yake, wanatoka kwenye kanuni hii.

Stoo_na_Friji alijibu:

Naongezea la trei. Kanuni ni kwamba lebo ibaki imefungwa kwenye chombo kilicholeta mzigo mpaka chombo kiwe tupu, na chaza wasitolewe humo mpaka wakati wa kuandaa au kuuza. Ukiwatoa mapema kuwapanga kwenye barafu wageni wawaone, inaruhusiwa, ila lazima uwe na kumbukumbu inayoonyesha trei hii imetoka kwenye lebo ipi.

Kosa linaloangusha majiko ni kuchanganya. Zimebaki chaza kumi za gunia la Jumanne, la Ijumaa limefika, mpishi anazimwaga juu ya mpya ili trei ijae. Hapo umeunganisha maeneo mawili ya uvunaji au tarehe mbili, na mtu akiugua huwezi kusema ni lipi. Magunia yote mawili yatashukiwa. Tumia trei tofauti, kila moja na kikadi cha plastiki chenye namba ya lebo, na trei ya zamani iishe kwanza.

Kalamu: tumia maka peni isiyofutika. Wino wa kalamu ya kawaida kwenye lebo iliyolowa hugeuka ukungu wa bluu, tarehe haisomeki. Gunia likiisha, andika tarehe papo hapo, suuza lebo, ikauke, ndipo iingie kwenye faili kwa mpangilio wa tarehe za kumaliza, siyo za kupokea. Ukitoboa tundu na kuipitisha kwenye waya inatosha kabisa. Usiifungie kwenye mfuko ikiwa mbichi, itanuka na kuota kuvu.

Jiko_Mwanga aliandika:

Ahsanteni sana. Kuna jambo lingine: muuzaji wa Dar anafungua gunia moja na kuligawa kwenye madeli ya hoteli mbili tatu. Lebo halisi inabaki kwake, sisi tunapata karatasi iliyoandikwa kwa mkono "chaza kilo 8". Hiyo inafaa?

AfisaAfya_Ujiji alijibu:

Haifai. Hapo ndipo mnyororo unakatikia, na ukikatika Dar, faili lako la Kigoma haliwezi kuuunga. Anayegawa mzigo anapaswa kuweka lebo mpya kwenye kila deli yenye taarifa za mwanzo zote. Lebo ya chaza hai kwa utaratibu wa Marekani inabeba jina, anwani na namba ya cheti cha msambazaji, tarehe ya kuvuna, eneo la kuvuna kwa usahihi, aina na kiasi, pamoja na sentensi inayoagiza ikae kwenye chombo hadi kiwe tupu kisha itunzwe siku 90. Chaza waliokwisha kutolewa kwenye magamba wana lebo nyingine: jina, anwani na namba ya cheti ya aliyewatoa, na tarehe ya mwisho ya kuuza kwa vifungashio vya chini ya lita 1.89. Vya ujazo huo au zaidi vinaandikwa tarehe waliyotolewa.

Mzigo usio na lebo usiupokee. Najua ni ngumu kusema hivyo uwanjani deli likiwa limeshalipiwa, kwa hiyo masharti yaandikwe kwenye oda kabla ndege haijaondoka. Namba ya cheti ya mpango wa Marekani muuzaji wa Dar hatakuwa nayo. Mweleze mkaguzi mapema, mkubaliane hati ipi ya hapa itasimama badala yake. Usisubiri aigundue mwenyewe.

Mkaguzi_TBR alijibu:

Kutoka Tabora. Jiandae kwa hesabu hii: mkaguzi huchukua ankara za miezi mitatu, anahesabu magunia, kisha anahesabu lebo. Ankara zikionyesha magunia 14 na lebo ziko 11, nyingine zote nzuri hazitakuokoa. Andika namba ya ankara nyuma ya kila lebo unapopokea, kazi ya nusu dakika.

Siku ya kupokea andika na joto. Utaratibu wa Marekani unataka chaza hai wafike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 7. Barafu ndani ya deli lisilo na tundu la kutolea maji ni tatizo la safari ndefu kama hii: ikiyeyuka, chaza wanakaa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi na wanakufa. Mwambie muuzaji atumie pakiti za jeli, au waya wa kuwainua juu ya maji. Ukifika, gonga aliyefunguka kidogo. Asipojifunga, mtupe, na idadi uliyotupa iandikwe kwenye hati ya kupokelea.

Wakala wa Ulaya naye akija, kwao lebo ya chaza hai inatunzwa angalau siku 60 baada ya kugawa mzigo. Ukishika 90 umewaridhisha wote. TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019, na afisa afya wa manispaa wanaweza kutaka kumbukumbu zao pia, hivyo faili la lebo likae jikoni au stoo. Ofisini kwa mhasibu hufungwa saa kumi, na wakaguzi wanapenda kuja saa ya chakula cha jioni.